Kamba Ndani ya Begi la Suti: Namna ya Kununua Zawadi za Baharini Ukiwa Safari ya Kikazi

Safari moja ya kikazi nilirudi na kamba kilo mbili. Niliwanunua asubuhi ya kuondoka, wabichi, wanang'aa, nikawatia kwenye mifuko mitatu ya plastiki na kuwalaza katikati ya begi, juu yao suti, chini yao viatu. Ndege ilikuwa iondoke saa nane mchana. Iliondoka saa tatu usiku. Kwenye mkanda wa mizigo begi langu lilijitafutia nafasi lenyewe, maana watu walilikwepa pande zote, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama nimebeba maiti. Kamba waliishia kwenye pipa la kwanza nililoliona. Suti ilikwenda kwa dobi mara tatu, na hadi leo siku ya mvua bado inanukia bahari.

Kwa muda mrefu nililaumu ndege. Baadaye nikakubali kwamba kosa lilikuwa langu, na lilianza kabla sijafika uwanjani. Nilianzia sokoni. Zawadi ya chakula, hasa ya baharini, hununuliwa kinyumenyume: unaanzia kwenye jokofu la nyumbani, unarudi barabarani, unarudi kwenye ndege au basi, ndipo unafika kwa muuza samaki. Ukifika kwake ukiwa umeshapita njia hiyo kichwani, utakuwa unajua cha kununua na cha kukitazama tu.

Hatua ya 1: Hesabu saa kabla hujahesabu fedha

Chukua karatasi. Andika saa utakayotoka sokoni na saa ambayo mlango wa jokofu la nyumbani utafunguliwa. Tofauti yake ndiyo bajeti yako halisi. Usihesabu muda wa ndege peke yake, kwa sababu ndege ya saa moja na nusu ni safari ya saa sita au saba ukiweka teksi, foleni ya ukaguzi, kusubiri mizigo na msongamano wa jioni. Kisha ongeza nusu yake kwa ajili ya ucheleweshaji. Mimi sasa naongeza mara mbili, lakini mimi nina kovu la kamba.

Sababu ya hesabu hii ni joto. Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 5 hadi 60 za Selsiasi kuwa eneo la hatari, ambamo vijidudu huzaliana kwa kasi, na linashauri chakula kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Samaki ni mwepesi kuharibika kuliko nyama nyingi. Bakteria wanaomwozesha wamezoea maji ya baridi, hivyo ubaridi kidogo tu hauwasumbui. Anahitaji barafu yenyewe, karibu na nyuzi 0.

Kanuni yangu ni hii. Safari nzima ikiwa chini ya saa sita na unaweza kupata boksi zuri na barafu ya kutosha, nunua wabichi kama unataka. Ikiwa kati ya saa sita na usiku mmoja, nunua waliogandishwa wakawa jiwe. Zaidi ya hapo, au ukiwa na ndege ya kubadilisha katikati, nunua vikavu na vya kopo, nawe ulale usingizi.

Hatua ya 2: Soma masharti ya mahali unapoingia

Watu husoma sheria za mahali wanapotoka, wakati anayefungua begi ni ofisa wa mahali unapofikia. Ukisafiri ndani ya nchi yako hatua hii ni fupi: uliza kama kuna spishi zilizofungiwa msimu au ukubwa usioruhusiwa kuvuliwa. Kambakoche mwenye mayai chini ya tumbo, kwa mfano, ni marufuku kuvuliwa katika nchi nyingi, na hata pale asipokuwa marufuku, mwache.

Ukivuka mpaka, mambo hutofautiana sana. Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri anayetoka nje ya umoja huo kuingia na samaki na mazao yake kwa matumizi binafsi hadi kilo 20, au samaki mmoja hata kama uzito wake unazidi hapo. Samaki mbichi lazima awe ametumbuliwa. Lakini nyama na maziwa kutoka nchi nyingi za nje haviingii kabisa. Hapo ndipo wengi hunaswa: samaki mkavu anapita, soseji ndogo ya zawadi inatupwa. Asali inaruhusiwa kidogo, hadi kilo mbili. Australia na New Zealand ni wakali zaidi. Huko kila chakula unakiandika kwenye fomu, hata pakiti ya biskuti. Marekani nayo inataka utangaze kila chakula.

Kutangaza si kukiri kosa. Ukitangaza kitu kisichoruhusiwa, kwa kawaida unanyang'anywa tu, mambo yamekwisha. Ukikificha, unalipa faini, na kama umesafiri kwa barua ya mwajiri wako, jina lake linaingia kwenye maelezo ambayo wewe ndiye utakayeyaandika Jumatatu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa pwani hawatakuambia. Mkataba wa kimataifa wa CITES, unaotumika tangu mwaka 1975, unasimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na bahari imo. Kasa na ng'amba ni marufuku: gamba, bangili, kitana, mafuta, nyama, vyote. Matumbawe mengi yanahitaji kibali. Kwa mizigo binafsi mkataba umeweka viwango vya kubeba bila kibali: mayai ya samaki wa jamii ya stajoni, yaani kaviari, gramu 125 kwa mtu, farasi wa baharini waliokaushwa wasiozidi wanne, makombe ya jamii ya chaza wakubwa yasiyozidi matatu na kilo tatu kwa jumla. Nchi nyingine zimekaza zaidi ya hapo. Baadhi ya majongoo bahari nao wameingizwa kwenye orodha tangu mwaka 2020. Ushauri wangu ni wa kivivu lakini haujaniangusha: nunua kinacholiwa, kilicho cha kawaida, kinachouzwa kwa mafungu makubwa. Ganda zuri la kupendeza liache baharini.

Hatua ya 3: Waza watakaokula

Hii ni fupi, lakini iliniaibisha mara moja nilipompa jirani pakiti ya ngisi wakavu, kumbe mwanawe alikuwa amelazwa mwezi uliopita kwa mzio wa vyakula vya bahari. Mzio wa kamba na kaa unaweza kuua, na vumbi la kamba wakavu kwenye achari au mchuzi wa chupa halionekani kwa macho. Uliza kwanza. Wapo pia ambao dini au mila zao haziruhusu wanyama wa baharini wasio na magamba. Kwa hao, samaki wa kawaida au mwani hutosha.

Kwa wenzako wa ofisini, nunua vitu vidogo vilivyofungwa kimoja kimoja na visivyohitaji kupikwa. Hakuna anayetaka kukaa na ng'onda kwenye droo hadi saa kumi na moja jioni. Na asiye na jiko kubwa usimpelekee samaki mzima wa kilo nne, atakushukuru kwa mdomo tu.

Hatua ya 4: Iba saa moja kwenye ratiba, lakini usiibe fedha

Safari ya kikazi haina siku ya soko. Ina vikao, ina chakula cha mchana kinachochelewa, ina mwenyeji anayetaka kukuonyesha jengo jipya. Kwa hiyo gawa kazi mara mbili. Jioni ya kwanza au ya pili, nenda sokoni mikono mitupu. Tazama bei, onja, uliza wanafunga saa ngapi na kama wanagandisha. Asubuhi ya mwisho unarudi kununua tu, nusu saa, kwa watu wanaokukumbuka.

Mtu wa kumwuliza soko liko wapi si yule wa mapokezi hotelini, ambaye atakutuma kwenye duka lenye vikapu vya utepe. Mwulize dereva, mpishi wa kantini au mama anayesafisha ofisi. Na usimwulize "wageni hununua wapi?" Mwulize: "Wewe ukienda kwa wakwe zako, samaki unamchukua wapi?" Jibu la swali hilo halijawahi kunipoteza.

Uliza pia vyombo vinaingia saa ngapi. Wavuvi wadogo wengi hufuata maji kujaa na kupwa, hivyo saa ya samaki wabichi husogea kila siku, si ya kudumu kama duka la vitabu. Wanaovua kwa taa usiku hupata kidogo wakati wa mbalamwezi pevu, kwa kuwa taa yao haina tena giza la kung'aa ndani yake. Ukikuta dagaa wachache na bei juu siku hizo, muuzaji hakuibii. Ni mwezi.

Sasa fedha. Zawadi zako zitoke mfukoni mwako au kwenye posho ambayo hudaiwi maelezo. Kama umebeba masurufu ya kurejeshwa kwa risiti, usichanganye risiti ya pweza na ya hoteli, hata kwa kusahau. Mhasibu anaweza kukusamehe. Mkaguzi hatakusamehe.

Na kuna zawadi ambazo hukununua. Mwenyeji ambaye zabuni yake inasubiri saini yako akikuletea boksi la kambakoche chumbani usiku wa mwisho, huo si ukarimu wa kawaida, hata kama anatabasamu vizuri. Tafuta kanuni za kazini kwako kuhusu zawadi, na kama haziruhusu, rudisha kwa heshima asubuhi hiyo hiyo. Njia niliyoiona inapunguza aibu ni kumwambia kwamba huna namna ya kusafirisha. Kisha nenda kamnunulie mama yako kwa fedha yako, samaki atakuwa na ladha nyingine kabisa.

Hatua ya 5: Chagua kwa macho, pua na kidole

Hapa nitakaa kidogo.

Samaki mzima. Jicho liwe limejaa na kung'aa, lisiwe limezama wala kuwa na ukungu. Fungua mashavu uone: yawe mekundu mabichi, si ya kahawia wala yenye ute mzito. Bonyeza mwili kwa kidole, shimo linapaswa kurudi mara moja. Magamba yawe yameshika. Harufu iwe ya maji ya bahari. Shombo kali linalopanda kichwani, au harufu ya amonia, maana yake umechelewa. Watu husema samaki huanza kuoza kichwani. Mkononi mwa mvuvi, samaki huanza kuoza tumboni, kwa sababu matumbo yake yana vimeng'enya na bakteria wanaomla kutoka ndani. Kwa hiyo likiwa tumbo limelegea au limepasuka, kichwa kizuri kisikudanganye. Na mwombe muuzaji amtumbue hapo hapo. Utapunguza uzito na utaongeza saa zako.

Jodari, vibua, dagaa na jamaa zao wanahitaji tahadhari ya peke yake. Wakiachwa kwenye joto, bakteria hubadilisha sehemu ya nyama yao kuwa histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, kugandisha, kukausha kwa moshi wala kutia kwenye kopo, na samaki anaweza kuonekana mzima bila harufu yoyote. Mlaji hushikwa uso ukawaka, kichwa kikagonga, ngozi ikawasha, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Ukimweka mdomoni ukahisi ukali kama pilipili usioujua umetoka wapi, teme. Kwa samaki hawa sibishani na mtu: kama hawakukaa kwenye barafu tangu chomboni, siwanunui, hata wakiwa bure.

Kaa na kambakoche nunua wakiwa hai au wakiwa wamekwisha kupikwa na kupozwa. Kaa mzuri ni mzito kuliko unavyomtarajia kwa umbo lake. Mwepesi huyo ametoka kujivua gamba, ndani kuna maji. Kambakoche hai ukimwinua hukunja mkia chini ya mwili. Mkia ukining'inia kama tai, mwache.

Kamba: kichwa kishike vizuri mwilini. Weusi unaotokea kichwani na kwenye viungo ni kazi ya vimeng'enya vyao wenyewe baada ya kufa, si lazima wawe wameoza, lakini unakuonyesha kwamba wamekaa. Wakilegea na kichwa kikidondoka, pita.

Kome na chaza hai wawe wamefunga ganda, au wafunge ukiwagonga. Aliyefunguka na hafungi amekufa. Usiwatie kwenye maji ya bomba wala kwenye mfuko uliokazwa, watakosa hewa. Kwa safari ndefu, kusema kweli, hawa si zawadi, ni mateso.

Pweza na ngisi: ngozi iwe na madoa yanayong'aa na nyama iwe nyeupe. Nyama ikigeuka waridi au njano, siku zimepita. Pweza ana faida moja kubwa kwa msafiri, nayo ni kwamba kugandisha hakumharibu. Kinyume chake, barafu huvunja nyuzi za nyama yake na humlainisha, hivyo safari inakufanyia kazi ya kumpondaponda mwambani.

Samaki wakavu. Mkunje: aliyekauka sawasawa hukataa au huvunjika, hakunjiki kama ngozi ya kiatu. Mpasue karibu na uti wa mgongo, kwa sababu hapo ndipo unyevu hujificha. Madoa ya waridi juu ya samaki wa chumvi ni bakteria wanaopenda chumvi. Vitobo na unga wa kahawia chini ya fungu ni kazi ya wadudu ambao watahamia kwenye mchele wako nyumbani. Samaki mwenye mafuta mengi huchina, na harufu hiyo utaitambua mara moja: ni ya mafuta yaliyokaa sana, si ya bahari. Tena, ukiona samaki wameanikwa uwanjani juani na hakuna hata inzi mmoja anayewasogelea, usifurahi haraka. Kuna mahali watu hunyunyiza dawa ya wadudu juu ya chakula. Inzi wachache ni usumbufu, uwanja usio na inzi kabisa ni swali. Sogeza macho kwenye meza ya pili.

Samaki wa moshi. Uliza kama amekaushwa kwa moshi wa moto hadi akaiva na kukauka, au kwa moshi wa baridi akabaki laini. Yule mkavu husafiri. Yule laini aliyefungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa huwadanganya wengi, kwani watu hudhani kifungashio kile kinatosha. Bakteria wa botulizimu, yaani sumu kali ya chakula, hupenda mahali pasipo hewa, na aina nyingine wanaopatikana kwenye samaki huweza kukua hata kwenye nyuzi tatu na kitu. Kwa hiyo pakiti hiyo ikae baridi njia nzima, hata ikiwa imefungwa vizuri namna gani. Kama lebo inasema "weka kwenye baridi", lebo haijui kwamba wewe uko kazini.

Hatua ya 6: Usisahau vitu visivyo na mapezi

Zawadi nzuri niliyowahi kubeba ilikuwa chumvi ya bahari. Haiozi, hainuki, haimwagiki, na kila nyumba ina jiko. Mwani mkavu nao ni mwepesi kama karatasi, ila unavuta unyevu, uukazie. Viungo vilivyosagwa au kukaangwa hupita forodhani kwa urahisi kuliko mbegu mbichi, kwa kuwa mbegu inaweza kuota na ofisa wa kilimo anajua hivyo. Matunda mabichi na majani mabichi ukivuka mpaka, yaache. Vilivyokaushwa na kufungwa kiwandani vyenye jina na orodha ya viambato hupunguza maswali.

Michuzi ya samaki, achari, majani yaliyosagwa, jamu, asali: vyote hivi mbele ya mkaguzi ni "maji". Kwenye viwanja vingi begi la mkononi haliruhusu chupa inayozidi mililita 100. Viweke kwenye begi kubwa. Vilivyochachushwa vinaendelea kutoa gesi, hivyo usinunue chupa ambayo tayari kifuniko chake kimevimba.

Hatua ya 7: Bei na mizani

Samaki mbichi ni maji kwa asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake. Ndiyo maana kilo ya mkavu ni ghali kuliko kilo ya mbichi, na si dhuluma. Dhuluma iko kwingine: kamba waliogandishwa huchovywa maji mara kadhaa wakajengewa ganda la barafu. Ganda jembamba huwalinda wasikauke. Ganda nene unalinunua kwa bei ya kamba, kwa hiyo angalia uzito halisi kwenye lebo, usiangalie uzito wa pakiti. Sokoni, elewana kabla kisu hakijagusa samaki kama unalipia kabla au baada ya kutumbuliwa. Na usipatane ukiwa na kitambulisho cha kazi shingoni.

Hatua ya 8: Funga kama vile begi litaanguka

Kwa wabichi na waliogandishwa, mwombe muuzaji awagandishe usiku mzima wakiwa bapa, si kwenye bonge. Bapa huganda haraka na hulala vizuri. Hoteli nyingi zina friza ya jikoni. Omba kwa adabu, andika jina lako na namba ya chumba, na weka kengele ya simu ya kukukumbusha. Nimewahi kumwachia mpishi wa hoteli samaki wazima watatu kwa kusahau, na natumaini aliwafurahia.

Boksi la povu jeupe lenye kifuniko cha kukaza ndilo bora. Funga samaki kwenye mifuko miwili, zungushia gazeti, jaza nafasi zote, kwa maana hewa iliyobaki ndiyo joto lenyewe. Barafu ya kumwaga usiitumie kwenye ndege. Itayeyuka, boksi litavuja, na wahudumu wana haki ya kulikataa. Tumia chupa za plastiki zilizogandishwa zikiwa hazijajazwa hadi juu. Ziweke juu ya samaki, kwa sababu baridi hushuka.

Barafu kavu, yaani kaboni dioksaidi iliyoganda kwa nyuzi 78 chini ya sifuri, ni kali zaidi. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu hadi kilo 2.5 kwa abiria, kwa idhini ya shirika la ndege, na boksi lazima liwe na mwanya wa kutolea gesi. Ukilikaza kabisa linaweza kupasuka. Usiishike kwa mkono mtupu, na ndani ya gari fungua dirisha.

Vikavu vifunge tabaka tatu: karatasi, plastiki nene, kisha kontena lenye kifuniko cha kubana. Shombo la samaki mkavu hupita plastiki nyembamba kama halijaiona. Viweke mbali na nguo za kikao. Afadhali utumie nguo chafu za wiki nzima ziwe mto wa chupa za mchuzi, na kila kifuniko ukizungushie utepe.

Kama mmekodi gari moja watu watano, waulize wenzako kabla. Saa saba na boksi la papa kwenye gari lililofungwa vioo huondoa heshima iliyojengwa miaka kumi.

Hatua ya 9: Ukifika

Kabla ya salamu ndefu, fungua boksi. Walio bado jiwe waende friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Walioyeyuka lakini bado ni wa baridi ya kuumiza kidole, pika siku hiyo hiyo, usiwagandishe tena. Waliopata uvuguvugu kwa zaidi ya saa mbili, tupa, na usimruhusu mtu akuambie kwamba moto utaua kila kitu, tumeshaiona histamini. Samaki mmoja akioza ndani ya mfuko, wengine wameogelea kwenye maji yake usiku kucha, kwa hiyo chunguza kila mmoja, usipime kwa yule wa juu.

Wakavu watoe kwenye plastiki, wapate jua la nusu siku au oveni ya moto mdogo, kisha uwafunge upya. Gawa mafungu ukiwa bado na nguvu, andika tarehe na aina juu ya kila fungu, na mweleze anayepokea namna ya kuloweka na kupika. Samaki wa chumvi aliyepikwa bila kulowekwa hurudishwa kwako kama malalamiko.

Begi lipake magadi ya kupikia ndani, liache wazi uani siku mbili, kisha ulikung'ute. Boksi la povu lioshe kwa maji ya ndimu. Na kwenye daftari lako la safari, chini ya namba ya dereva, andika jina la soko, saa vyombo vinapoingia, na meza ya nani ilikuwa na barafu.